Namna ya Kuandaa Vikao vya Bure vya Kusikiliza Jazi Mjini Moshi

Mtu akilitaja neno "jazi" mjini Moshi, msikilizaji wa makamo hukumbuka kwanza bendi za dansi: Dar es Salaam Jazz iliyoanzishwa mwaka 1932, Morogoro Jazz ya mwaka 1944, Western Jazz, Nuta Jazz na, kutoka Kongo, OK Jazz ya Franco. Kijana wa leo hudhani kwamba ni muziki wa polepole unaopigwa kwa sauti ya chini katika hoteli ambamo wageni hujiandaa kupanda mlima. Hakuna kati yao aliyekosea kabisa, na mwandalizi anayetaka kuwakutanisha wote wawili chini ya paa moja hana sababu ya kuanza kwa kuwasahihisha. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwandalizi huyo: mtu asiye na bendi wala ukumbi, mwenye spika mbili na mkusanyiko wa rekodi, anayetaka kuendesha vikao vya hadhara visivyo na kiingilio, mara moja kwa mwezi, kwa miezi sita au zaidi.

Naandika nikiwa nimekwisha kukosea. Katika kikao changu cha kwanza nilizungumza kwa dakika 40 juu ya utumwa, Mto Mississippi na New Orleans, mji wa Marekani ilikozaliwa jazi, kisha nikapiga vipande vya nusu dakika nusu dakika, kama muuza duka anayeonjesha asali. Nilipofika kwa mpiga tarumbeta Louis Armstrong, nusu ya viti vilikuwa vitupu. Mzee mmoja aliyebaki hadi mwisho aliniambia kwa upole, "Mwanangu, ulituita tusikilize muziki, tukaishia kukusikiliza wewe." Tangu siku hiyo nimejiwekea masharti mawili ambayo sijayavunja: maelezo kabla ya kila kibao hayazidi dakika tatu, na kibao kikianza hupigwa hadi mwisho bila mtu yeyote, nikiwamo mimi, kusema juu yake.

Mahali na siku

Ukumbi bora si ule mkubwa, bali ule wenye dari. Jambo hili huonekana dogo mpaka mvua ianze kunyesha juu ya bati tupu, kwa kuwa hakuna spika ya kawaida inayoweza kushindana na kelele hiyo, na piano ndiyo hupotea kwanza. Moshi hupata masika kuanzia Machi hadi Mei, hivyo anayelazimika kutumia banda la bati apange mfululizo wake uanze Juni, ingawa wakati huo jioni huwa na baridi na watu huja wamejifunga mashuka. Chumba cha maktaba, darasa la chuo, ukumbi wa usharika au wa jumuiya, vyote hufaa ikiwa viko mbali kidogo na barabara yenye bodaboda. Mgahawa nao hufaa, kwa sharti kwamba mwenye nyumba akubali mapema kuwa hakuna atakayelazimishwa kununua kitu, na kwamba mashine ya kusagia kahawa itanyamaza wakati kibao kinapigwa. Sharti hilo la pili ndilo gumu zaidi.

Jumamosi ni siku mbaya. Kila mtu mjini ana harusi, sendofu au kikao cha harusi, na hata asiye na shughuli ana msafara wa shughuli unaopita mbele ya mlango wake. Nimeona Jumapili saa tisa alasiri ikifaa zaidi, baada ya ibada na chakula cha mchana, na kikao kimalizike kabla ya saa kumi na moja ili wanaotoka Kibosho, Marangu au Himo wapate usafiri kukiwa bado kweupe. Desemba, Wachaga wanaporudi nyumbani kutoka kila pembe ya nchi, kikao kimoja cha ziada hujaa bila matangazo mengi, ila kisipangwe wiki ya Krismasi yenyewe.

Vyombo

Usikodi muziki wa harusini. Mitambo ile imejengwa ili mtu acheze, si ili asikie tofauti kati ya klarineti na saksafoni, na fundi mitambo wake, hata ukimwomba vipi, ataongeza besi. Sabufa ya nyumbani ina tatizo hilohilo kwa kiwango kidogo. Tafuta spika mbili za kawaida zinazolingana, ziweke juu ya meza ili ziwe kwenye usawa wa masikio ya mtu aliyeketi, zisogeze mbali kidogo na ukuta, na hakikisha umbali kati ya spika na spika unakaribiana na umbali kutoka spika hadi safu ya katikati ya viti. Viti vipangwe nusu duara. Rekodi zote ziwe zimepakuliwa kwenye simu au flashi siku moja kabla, kwa maana kutegemea mtandao mbele ya watu 50 ni kujitakia aibu, na simu izimwe milio yake. Kwa siku ambayo umeme utakatika, na itakuwapo, uwe na spika moja ya kuchaji iliyojaa.

Kuna mambo mawili ambayo mwandalizi anapaswa kuyajua kuhusu rekodi zenyewe. La kwanza ni kwamba kabla ya mwaka 1925 wanamuziki walirekodiwa kwa kupiga mbele ya pembe kubwa ya bati, bila maikrofoni, na ngoma na besi hazikunasika vizuri. Ukisikia santuri ya mwaka 1923 inakwaruza, si spika yako iliyoharibika, na kuongeza besi hakutaleta ngoma ambayo haikuingia tangu mwanzo. La pili linahusu rekodi za stirio za mwishoni mwa miaka ya 1950, ambazo ziligawa wanamuziki kushoto na kulia. Katika albamu ya mpiga tarumbeta Miles Davis ya mwaka 1959, *Kind of Blue*, saksafoni ya John Coltrane hutokea upande wa kushoto na ya Cannonball Adderley upande wa kulia. Waya mmoja ukichomoka, mpigaji mmoja hutoweka kabisa na wasikilizaji hawatajua kwamba kuna mtu amekosekana. Pima spika zote mbili kabla watu hawajaingia.

Kuanzia kwenye matarumbeta

Vitabu vingi huanzia New Orleans na kufuata miaka. Mimi pia naanzia huko, lakini kwa mlango mwingine. Mtu aliyekulia Kilimanjaro amesikia matarumbeta tangu utotoni: yale ya vikundi vya makanisa ya Kilutheri, desturi iliyoletwa na wamisionari wa Kijerumani, na yale yanayopanda nyuma ya pikapu kuongoza msafara wa bibi harusi. Kikao cha kwanza kianze kwa kuwaambia wasikilizaji kwamba vyombo hivyohivyo vya shaba, katika mji wa bandari wa Marekani wenye mchanganyiko wa Waafrika, Wafaransa, Wahispania na watu wa visiwa vya Karibi, vilitumika kusindikiza maiti; kwamba bendi ilikwenda makaburini ikipiga tenzi kwa mwendo wa pole, na baada ya mazishi ilirudi mjini ikipiga kwa furaha huku watu wakicheza nyuma yake. Waeleze pia juu ya Congo Square, uwanja wa mji huo ambako watu waliokuwa watumwa walikusanyika Jumapili kupiga ngoma na kucheza. Hayo yanatosha kwa dakika tatu.

Kisha watu wasikilize bendi ya King Oliver, iliyorekodiwa mwaka 1923 Armstrong akiwa kijana kando ya Oliver, mwalimu wake, na baada ya hapo "West End Blues" ya Armstrong mwenyewe, iliyorekodiwa Chicago tarehe 28 Juni 1928. Kibao hiki huanza na tarumbeta peke yake, bila ngoma wala piano, kwa takribani robo dakika. Kipige mara ya kwanza bila kusema lolote. Mara ya pili waombe wasikilizaji wainue mkono pale vyombo vingine vinapoingia. Kazi hiyo ndogo hufanya zaidi ya mhadhara wowote, kwa sababu mtu aliyengojea kuinua mkono amelazimika kusikia kila noti. Santuri za wakati ule zilibeba takribani dakika tatu kila upande, na ufupi huo ni neema kwa mwandalizi: kibao kinaweza kurudiwa bila kumchosha mtu.

Swali moja litaulizwa, nalo lijibiwe bila kuzunguka. Santuri ya kwanza ya jazi kuuzwa ilirekodiwa mwaka 1917 na kikundi cha Wazungu, Original Dixieland Jass Band, ilhali muziki wenyewe ulibuniwa na Wamarekani weusi. Buddy Bolden, mpiga koneti mweusi aliyesifika New Orleans miaka mingi kabla ya hapo, hakuna rekodi yake inayojulikana. Piga santuri ya 1917 na uwaachie watu waizungumzie.

Bluzi, uimbaji wa Wamarekani weusi, ieleweke mapema, maana jazi nyingi imesimama juu yake. Kwa msikilizaji wa Kiswahili haihitaji nadharia: mwimbaji hutoa mstari, hurudia mstari uleule, kisha hutoa wa tatu unaofunga maana, na chombo humjibu mwishoni mwa kila mstari kama kiitikio kinavyomjibu kiongozi wa ngoma. Kubuni papo hapo nako hueleweka upesi ukitoa mfano wa malenga wawili wanaojibizana: vina na mizani vimekwisha kukubaliwa, lakini maneno hayajulikani hadi yatakapotamkwa.

Kiswahili ndani ya jazi

Hapo awali kikao hiki nilikuwa nikikiweka mwisho, kama zawadi. Sasa nakiweka cha pili, kwa kuwa ndicho kinachowafanya watu warudi, na kwa sababu waandalizi wa kwingineko duniani hawana wasikilizaji wanaoelewa rekodi hizi kama tunavyozielewa sisi.

Mwaka 1958 Wilbur Harden na John Coltrane walirekodi kibao kiitwacho "Tanganyika Strut". Mwezi Novemba 1960, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya Tanganyika kupata uhuru, mpiga piano Randy Weston alirekodi New York albamu ya *Uhuru Afrika*, ambayo muziki wake ulipangwa na Melba Liston, mwanamke mpiga tromboni, na maneno yake yaliandikwa na mshairi Langston Hughes. Mwanzoni inasikika sauti ya Mtanganyika, Tuntemeke Sanga, akilisoma shairi la uhuru kwa Kiswahili. Usiwadokeze wasikilizaji. Zima taa za mbele, anzisha rekodi, na utazame nyuso zao sauti hiyo inapoanza. Ndipo baadaye uwaeleze kwamba serikali ya makaburu ya Afrika Kusini iliipiga marufuku albamu hiyo mwaka 1964.

Miles Davis alirekodi mwaka 1968 albamu ambayo jina lake la Kifaransa maana yake ni "Wasichana wa Kilimanjaro", na inaelezwa kwamba jina hilo lilihusiana na kampuni ya kahawa ya Kilimanjaro ambayo alikuwa ameweka fedha zake. Katika mji ulioishi kwa kahawa, maelezo haya huzua mjadala ambao hauhusu muziki hata kidogo, na mimi huuacha uendelee kwa dakika chache. Miaka michache baadaye mpiga piano Herbie Hancock aliunda kikundi ambacho kila mwanamuziki alijipatia jina la Kiswahili: Hancock mwenyewe akaitwa Mwandishi, jina lililopewa albamu yao ya mwaka 1971, mpiga besi Buster Williams akawa Mchezaji, mpiga ngoma Billy Hart akawa Jabali, na mpiga tarumbeta Eddie Henderson, ambaye kweli alikuwa daktari, akawa Mganga. Mpiga tromboni Julian Priester aliitwa Pepo Mtoto, na hapo kikao chote hucheka. Kicheko kikiisha, waeleze kwamba Wamarekani weusi wa miaka hiyo walikitafuta Kiswahili kama njia ya kurudisha kitu walichonyang'anywa. Muziki wa kikundi hiki ni mgumu na vibao vyake ni virefu, hivyo piga kimoja tu.

Dansi na njia ya Kuba

Kikao cha tatu ni cha wazee, nao wapewe nafasi hiyo. Hoja ya kuonyesha ni kwamba bendi zetu zilichukua jina la jazi lakini sehemu kubwa ya mwendo wake ilitoka Kuba, kupitia santuri za GV ambazo kampuni ya HMV ilizisambaza Afrika kuanzia mwaka 1933. Jambo la kuvutia ni kwamba jazi yenyewe ilinywa kisima hicho: Jelly Roll Morton, mpiga piano wa New Orleans, alisema katika mahojiano yaliyorekodiwa mwaka 1938 kwamba jazi isiyo na ladha ya Kihispania, yaani mwendo kama ule wa Kuba, haijakolea, na mwaka 1947 mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie alimwingiza mpiga ngoma wa Kuba, Chano Pozo, katika bendi yake. Piga kibao chao kimoja, kisha bila maelezo piga Morogoro Jazz ya enzi za Mbaraka Mwinshehe, kisha uulize ni kitu gani kimebaki palepale na ni kipi kimebadilika.

Hapa uongozaji wa mazungumzo unahitaji adabu na uthabiti kwa pamoja. Mzee akianza kusimulia kumbi za dansi za ujana wake, kijana hawezi kumkatiza, na hapaswi. Njia niliyoiona ikifanya kazi ni kumpa mzee swali lenye mpaka tangu mwanzo: "Shikamoo mzee, tusaidie jambo moja tu, saksafoni za bendi mlizozicheza zilikuwa ngapi?" Akizidisha, unasema, "Ahsante sana mzee, tuisikilize hiyo uliyoitaja," na unabonyeza kitufe. Muziki humkatiza mtu kwa heshima kuliko mdomo wa yeyote.

Vikao vinavyofuata

Enzi ya bendi kubwa si ngumu kuifundisha. Duke Ellington, kiongozi wa bendi aliyepiga katika klabu ya Cotton Club huko Harlem, New York, kuanzia mwaka 1927 mbele ya wateja Wazungu pekee huku wanamuziki na wachezaji wakiwa weusi, anatosha kubeba kikao kizima, pamoja na sauti ya Billie Holiday.

Kugumu ni kwenye bibopu, muziki wa kasi wa mpiga saksafoni Charlie Parker na Gillespie wa katikati ya miaka ya 1940. Hapo ndipo wasikilizaji wapya hukata tamaa, na sehemu ya sababu ni kwamba mabadiliko yanaonekana ya ghafla: chama cha wanamuziki wa Marekani kiligoma kurekodi kuanzia Agosti 1942 hadi mwaka 1944, hivyo miaka ambayo muziki huo ulikuwa ukikua haikuacha rekodi nyingi. Usipige vibao sita. Piga kimoja cha dakika tatu mara tatu, na kila mara mwombe msikilizaji afuate chombo kimoja tu: kwanza besi, kisha ngoma, mwisho saksafoni. Baada ya mara ya tatu wengi huwa wameshika kitu. Wasioshika waachwe kwa amani.

Baada ya mwaka 1948, santuri ya muda mrefu ilipoingia sokoni, wanamuziki waliweza kupiga kwa dakika 10 au 20 bila kukatizwa, na kikao kinapaswa kubadilika vilevile. Kwa *Kind of Blue* mimi hupiga upande mzima wa kwanza, watu wakiwa na kikombe cha kahawa mkononi. Albamu ya Coltrane ya *A Love Supreme*, iliyorekodiwa Desemba 1964, ina takribani dakika 33, na ndiyo pekee ninayoipiga nzima bila utangulizi wowote isipokuwa neno moja: kwamba ni sala. Moshi ni mji wa watu wanaosali, makanisani na misikitini, na hawahitaji kuelezwa zaidi.

Afrika ipate kikao chake. Mulatu Astatke wa Ethiopia, aliyesoma muziki Uingereza na Marekani, alichanganya jazi na ngazi za sauti za nyumbani kwao, na msikilizaji hutambua tofauti hiyo ndani ya sekunde chache. Kutoka Afrika Kusini, piga rekodi ya Jazz Epistles ya mwaka 1960, ambamo Abdullah Ibrahim na Hugh Masekela walikuwa vijana, kisha "Mannenberg" ya Ibrahim ya mwaka 1974, iliyogeuka kuwa wimbo wa wapinzani wa ubaguzi wa rangi bila kuwa na maneno ya kuimbwa. Ulaya na Brazili nimezipitia kwa haraka, kwa kibao kimojakimoja. Anayependa gitaa hatakosa kumtafuta Django Reinhardt mwenyewe.

Kibali, haki na tangazo

Toa taarifa kwa ofisi ya serikali ya mtaa na kwa afisa utamaduni wa Manispaa, kwa barua fupi inayotaja mahali, saa na idadi ya watu. Kutotoza kiingilio hakumwondolei mwandalizi wajibu wa hakimiliki: kupiga rekodi mbele ya hadhara kunaguswa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, hivyo ulizia utaratibu COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kabla ya kuanza, hasa ikiwa mmiliki wa ukumbi hana leseni yake.

Tangazo liwe fupi na maneno "HAKUNA KIINGILIO" yaandikwe makubwa, kwa sababu watu wetu wamefundishwa kwamba rahisi ni ghali na watatafuta mtego. Omba lisomwe miongoni mwa matangazo ya baada ya ibada, libandikwe kwenye mbao za vyuo, na lisambazwe kwenye makundi ya simu. Bakuli la michango lisikae mlangoni. Likilazimika kuwapo, likae karibu na kahawa, nalo lisitajwe.

Chapa karatasi ya ukurasa mmoja yenye majina ya vibao, wapigaji na mwaka, na uigawe wakati watu wanatoka, si wanapoingia, la sivyo watasoma badala ya kusikiliza. Ikiwa utataka kikao kimoja kiangukie Siku ya Kimataifa ya Jazi, ambayo huadhimishwa tarehe 30 Aprili, kumbuka kwamba siku hiyo huwa katikati ya masika, nawe utahitaji ule ukumbi wenye dari.